Saratani ya nyuma ya pua: Mgonjwa wa delta alale wapi wiki saba?

Saratani inayoota nyuma ya pua, juu ya koo, si rahisi kuifikia kwa kisu, hivyo tiba kuu ni mionzi. Ikiwahiwa, wengi hupona. Shida ni ratiba: siku tano kwa wiki, kwa takriban wiki saba. Ukikatiza katikati, uwezekano wa kupona unapungua.

Mkazi wa Mbwera, delta ya Rufiji, anaanza na boti hadi Nyamisati, kisha gari hadi Dar es Salaam, kwenye Taasisi ya Saratani Ocean Road. Mashine za kisasa zipo pale tangu 2018. Kupigwa mionzi ni dakika chache tu kwa siku, mara nyingi bila kulazwa. Kwa wa Dar hiyo ni nafuu. Kwa asiye na ndugu mjini, kumbe ndio gharama yenyewe: chumba, chakula, na nyavu zilizolala nyumbani.

Tena wengi huchelewa, maana dalili zinafanana na mafua: sikio moja kuziba, pua kutoka damu. Uvimbe shingoni usiouma usisubiri. Zahanati itoe rufaa mapema.