Usifiche Uwekundu Juu ya Mashine ya Moyo



Mungu amewapa watu akili ya kutengeneza mashine ndogo inayousaidia moyo uliochoka. Huitwa pesimeka. Munganga huiweka chini ya ngozi ya kifua, karibu na bega, na nyuzi zake hupita ndani ya mshipa mpaka moyoni. Mtu wa kwanza kuwekewa ndani ya mwili alikuwa Arne Larsson, katika mji wa Stockholm, nchi ya Uswidi, mwaka 1958. Mashine ile ilifanya kazi saa chache tu. Lakini alipewa nyingine, na tena nyingine, zaidi ya 20, akaishi mpaka 2001, mzee wa miaka 86.

Kwetu ni wachache walio nayo. Waliipata mbali, kwa mali ya jamaa nzima. Ndiyo sababu wanaogopa sana kusikia neno hili: itolewe. Lakini mimi nasema wazi: mashine iliyoingiwa na vidudu isiachwe mwilini.

Sikilizeni sababu. Vidudu vinakaa juu ya ngozi ya kila mtu, hata aliye safi. Ngozi ikikatwa, vingine vyaweza kuingia. Damu ina askari wake wa kuvipiga, lakini mashine haina damu ndani yake. Vidudu hushikamana nayo na kujifunika kwa utando, kama utelezi juu ya jiwe la mto. Dawa haivishindi humo. Mgonjwa akimeza vidonge, uwekundu hupungua. Vidonge vikiisha, unarudi. Tena vidudu hufuata nyuzi mpaka moyoni, vikaharibu milango yake, na mtu aweza kufa.

Kumbukeni habari ya Akani, katika Yoshua 7. Israeli hawakushinda vita mpaka kitu kilichofichwa hemani kilipotolewa. Sisemi kwamba mgonjwa ametenda dhambi; hapana. Nasema kwamba ubaya uliofichwa hauponi kwa kufunikwa.

Basi, wewe uliye na mashine, angalia kifua chako. Ngozi ikiwa nyekundu, ikivimba, ikiuma, ikiwa na moto, ikitoa maji au usaha, au mashine ikianza kuonekana, nenda hospitali siku ile ile. Ukipata homa isiyojulikana sababu, mwambie munganga kwamba una mashine, hata kama kovu ni zuri na miaka imepita.

Usichanje ngozi hapo. Usipake majani wala mavi ya ng'ombe. Usikubali mtu yeyote wa kijijini atoboe uvimbe kwa sindano, maana atawafungulia vidudu mlango. Usinunue antibiotiki sokoni kabla damu yako haijapimwa, kwa kuwa huenda kidudu kisionekane tena katika kipimo. Wala usiende kwa mfumu kuuliza nani amekuloga. Hakuna aliyekuloga.

Wengine watasema, «Wakiitoa, moyo utasimama.» Waganga wanajua hilo. Kwa mtu ambaye moyo wake hauwezi kungoja, huweka nyingine ya muda. Kisha humpa dawa kwa mshipa, mara nyingi majuma kadhaa, na damu ikiisha kusafika, humwekea mpya upande mwingine, kama bado anaihitaji.

Na ninyi wazee wa kanisa, neno hili ni lenu pia. Nyuzi zilizokaa miaka hushikamana na mshipa. Kuzitoa ni kazi ya munganga aliyefundishwa hasa, wala haifanyiki katika kila hospitali. Safari ni ndefu, na gharama ni nzito. Mara nyingi mgonjwa huficha kidonda si kwa ujinga, bali kwa kuona haya kuomba mali mara ya pili. Msingoje aombe. Tumezoea kuchanga wakati wa matanga. Afadhali tuchange mapema, mtu akiwa hai, ili arudi kuketi pamoja nasi kanisani.