Msiniambie ni Mchezo Tu

Kuna neno ambalo sisi wazazi tunapenda kulitumia kumaliza mazungumzo na watoto wetu: "Ni mchezo tu." Nimelitumia kwa miaka mingi, na nilikuwa nikiliamini. Leo naandika kulipinga, na wa kwanza ninayempinga ni mimi mwenyewe.

Ndugu msomaji, nyumbani kwetu kuna mashine ya PlayStation 4, ya toleo lile la kwanza lililotoka mwaka 2013, yenye diski kuu ya GB 500. Niliinunua ikiwa imekwisha tumika. Wanangu wawili, mvulana na dada yake mdogo, waliitumia kwa zamu, na mara nyingi kwa pamoja. Katika mchezo uitwao Minecraft, ambamo mchezaji huchimba, hukusanya mawe na mbao na kujenga apendavyo, walijenga mji. Iliwachukua miaka mitatu. Mlikuwa na soko, bandari, msikiti wenye mnara, na nyumba ya bibi yao yenye mwembe uani, kama ilivyokuwa kabla haijabomolewa kupisha barabara. Kaka mtu alipokwenda chuoni Mwanza, dada aliendelea kuutunza mji, na kila likizo walikaa pamoja kuuongeza.

Diski ikajaa. Binti yangu alipofaulu mtihani wa kidato cha nne nikaona hiyo ndiyo zawadi: nikaipeleka mashine kwa fundi mmoja Kariakoo aweke diski ya TB 1. Fundi alinipa bei, akasema nikimwachia diski ya zamani atanipunguzia. Nikakubali upesi, maana nani hapendi kupunguziwa? Jioni nikarudi na mashine iliyofutwa vumbi mpaka inang'aa. Binti akaiwasha, akatafuta, akatafuta tena, kisha akanitazama.

"Fundi amesema ni nzima," nikamwambia.

"Mashine ni nzima, Baba. Mji haupo."

Nami, kwa ujinga wangu, nikalisema lile neno: ni mchezo tu, utaanza upya.

Mimi nilifundisha shule za msingi kwa miaka 31. Chini ya kitanda changu kuna sanduku la madaftari ya maandalio ya masomo, ambayo hayamfai mtu yeyote tena, na ole wake atakayeyagusa. Binti analijua sanduku hilo. Akaniuliza kwa adabu, "Nikiyatupa yale madaftari nikakununulia mapya, tena makubwa zaidi, utafurahi?" Sikuwa na jibu. Asubuhi nilikimbilia Kariakoo. Diski ilikuwa imekwisha futwa na kuuzwa.

Nilimkasirikia fundi. Kisha nikauliza na kujifunza yale niliyopaswa kuyajua kabla, na sehemu kubwa ya hasira ikanirudia.

Kubadilisha diski ya mashine ile si uganga. Kampuni iliyoiunda yenyewe hueleza namna ya kufanya: kifuniko hutelezeshwa, skrubu moja hufunguliwa, kishikizo cha diski huvutwa nje, na skrubu nne ndogo huiachilia diski. Mpya iwe ya inchi 2.5, unene usizidi milimita 9.5, ukubwa usipungue GB 160. Halafu programu ya mashine huwekwa upya kutoka kwenye flashi, kwa faili zima, si lile dogo la kusasishia. Hayo yote fundi aliyafanya vizuri. Lililoachwa ni la kabla ya hayo: kuingia kwenye mipangilio, kuchagua data iliyohifadhiwa ya michezo, na kuinakili kwenye flashi. Mwenye diski ya nje anaweza hata kunakili mashine nzima, ila vikombe vya ushindi havimo katika nakala hiyo. Hivyo hupelekwa kwanza kwenye seva za kampuni.

Sasa tazama upuuzi wetu. Michezo yenyewe hula makumi ya GB, lakini hurudishwa kwa CD yake au kwa kupakuliwa tena. Kumbukumbu ya mchezaji, ile ambayo watoto husema "nimesevu", kwa kawaida ni ndogo mno, na hakuna duka duniani linaloiuza. Tulihangaikia kikubwa kinachopatikana popote, tukatupa kidogo kisichopatikana popote.

Hata bila nakala, diski ya zamani yenyewe ilikuwa akiba. Data iliyomo hufungwa kwa siri ambayo mashine yake tu huifungua. Ukiichomeka kwenye kompyuta huisomi. Kwa aliyeinunua, mji wa wanangu haukuwa kitu kabisa. Kwetu, ilitosha diski ikae kabatini, ipo siku ingerudishwa mahali pake. Mimi niliibadilisha kwa punguzo la bei.

Kwa hiyo nawaambia mafundi wetu, ambao nawaheshimu: fundi cherehani hapitishi mkasi kabla hajauliza. Kwa nini wewe ufute kabla hujauliza? Ni sentensi moja tu: "Mzee, humu kuna kitu unachotaka kibaki?" Na wazazi wenzangu nawaambia: kabla ya kupeleka mashine kwa fundi, muulizeni mtoto. Yeye ndiye mwenye mali.

Lakini nisiwaonee mafundi na wazazi peke yao. Wako wakubwa wanaofanya hivyo hivyo kwa makusudi. PlayStation ya kwanza, iliyotoka Japani mwaka 1994, ilihifadhi kumbukumbu kwenye kadi ya KB 128 iliyogawanywa sehemu 15. Ya pili, ya mwaka 2000, ilikuwa na kadi ya MB 8. Ndogo, naam, lakini mtoto aliichomoa, akaitia mfukoni, akaenda kucheza kwa jirani. Mashine yetu ya nne nayo iliruhusu flashi. Ilipokuja ya tano, Novemba 2020, mlango ukafungwa: kumbukumbu za michezo iliyotengenezwa kwa PlayStation 5 haziruhusiwi kunakiliwa kwenye flashi. Unayetaka nakala iwekwe nje ya mashine, uihifadhi mtandaoni, na ruhusa hiyo ni ya wanaolipia PlayStation Plus.

Yaani mtu afanye kazi mwenyewe, kwenye mashine aliyoinunua mwenyewe, halafu apangishwe chumba cha kuwekea kazi yake! Na katika nyumba zetu, ambako bando la intaneti hununuliwa la siku kwa siku, kodi hiyo hulipwa mara mbili.

Watetezi wao watasema kwamba nakala zikiachiwa huru wadanganyifu watazichezea. Sikubaliani nao. PlayStation 4 ilikwisha onyesha kwamba nakala inaweza kukaa kwenye flashi na bado ikafungamana na akaunti ya mwenyewe. Nao wenye Xbox One, tangu mwaka 2013, kumbukumbu zao hupelekwa mtandaoni bila malipo ya ziada. Basi inawezekana, na asiyefanya amechagua kutofanya.

Kaka yake binti yangu alipopigiwa simu alinyamaza muda mrefu. Kisha akauliza kama ile nyumba ya bibi ilikuwa imepigwa picha. Haikuwa imepigwa, si ile ya mchezoni wala ile ya kweli. Hapo ndipo nilipoelewa kilichokuwa ndani ya diski niliyoiuza.

Wahenga walisema akiba haiozi, nasi tuliosomeshwa methali hiyo tangu utotoni tukadhani inahusu mahindi na fedha peke yake. Sasa nyumbani kwetu kuna flashi mbili, moja ndani ya sanduku la madaftari yangu, na kila mwisho wa mwezi binti hunikumbusha nilitoe sanduku. Wameanza kujenga upya. Mwembe umepandwa, ingawa hawakubaliani ulikuwa upande gani wa kisima. Wameniuliza mimi, nami nimesahau.