Saa ya Kurudi Ipangwe Jioni Iliyotangulia



Baadhi yenu mlioko Ulaya kwa masomo au kazi mnapanga kutembea katika milima ya Alps kiangazi hiki, na Zermatt, kule Uswisi, inatajwa mara kwa mara. Nendeni. Lakini wengi wetu tumeujua mlima kwa Kilimanjaro, ambako hakuna aupandaye bila mwongozaji. Zermatt haina lango. Treni hukufikisha Gornergrat, mita 3,089 juu ya usawa wa bahari, na hakuna akuulizaye umevaa viatu gani. Kazi ya mwongozaji imebaki kwa kikundi chenyewe, na rai yetu ni kwamba ifanywe jioni iliyotangulia, mezani, kabla Matterhorn haijawalevya macho.

Huko juu ni vigumu kupiga hesabu sawasawa. Kilele huvuta, na aliyechoka huona haya kusema. Mwanga nao hudanganya: sisi tuliozoea jua kuzama saa kumi na mbili, tukiona kweupe hadi karibu saa tatu usiku, twadhani muda ungalipo tele. Kumbe radi za kiangazi hazingoji giza. Aghalabu huja alasiri.

Waswisi hukadiria kilomita 4 kwa saa mahali tambarare, na mita 300 hadi 400 za kupanda kwa saa. Chukueni njia itokayo Schwarzsee, mita 2,583, penye kikanisa cha Bikira Maria wa Theluji, hadi nyumba ya wapanda milima ya Hörnli, mita 3,260. Kupanda pekee ni saa mbili au zaidi. Basi iandikwe saa ya kugeuka, iwe mmefika au hamjafika. Mtazame pia rangi za njia: vibao vya njano tu ni njia za kawaida, nyeupe-nyekundu-nyeupe ni za mlimani, zataka miguu imara na kichwa kisichozunguka, nyeupe-buluu-nyeupe waachieni wenye ujuzi na vifaa. Mwezi Juni theluji huweza kuwa bado imefunika njia za juu.

Mmoja apewe mamlaka ya kukigeuza kikundi, wala asibishiwe. Sisi tungemchagua mwenye mwendo wa polepole kuliko wote, ingawa vijana watanung'unika.

Watasema pia kwamba nauli ilikuwa kubwa mno kurudia njiani. Tarehe 14 Julai 1865 watu saba walifika kilele cha Matterhorn kwa mara ya kwanza. Wanne walikufa wakishuka. Papa Pius XI, ambaye akiwa padre aliuvuka Monte Rosa mwaka 1889 na kushukia upande wa Zermatt, alimtangaza Mtakatifu Bernardo wa Menthon kuwa msimamizi wa wapanda milima mwaka 1923. Alijua alichokuwa akikiombea.

Mwachieni mtu wa hotelini jina la njia na saa mtakayorejea. Bebeni nguo za baridi hata kama bondeni ni joto, maji, na filimbi. Namba ya uokoaji huko ni 144, na 112 hufanya kazi Ulaya nzima. Simu isiposhika, pulizeni filimbi mara sita ndani ya dakika moja, tulieni dakika moja, kisha rudieni. Mkisikia tatu kwa dakika, mmesikika.