Beseni chini ya kiyoyozi si dawa

Dada yangu alinipigia simu saa nne usiku. Mwanawe wa miaka minne alikuwa anakohoa tangu jioni, akataka nimwambie dawa gani ya kikohozi ampe. Kwa kuwa naandika habari za afya, ndugu zangu hudhani mimi ni duka la dawa. Nikamuuliza kama mtoto ana homa, kama anapumua kwa shida. Katikati ya maongezi nikasikia kitu kinadondoka, tone baada ya tone.

"Hiyo ni nini?"

"Ni kiyoyozi cha chumba cha mtoto, nimekitegea beseni. Wiki ya tatu sasa."

Asubuhi walikwenda hospitali, na daktari alisikia mluzi kifuani. Alimwanzishia mtoto dawa, kisha akamuuliza mama yake kama nyumbani kuna unyevu. Swali hilo ndilo lililonipeleka kwake jioni ile.

Beseni lilikuwa pembeni mwa kitanda. Rangi ya ukuta chini ya kiyoyozi ilikuwa imebanduka, madoa meusi ya fangasi yakishuka kuelekea kwenye soketi. Fundi alishakuja mara mbili. Kila mara alisema gesi imepungua, akaongeza, akalipwa, akaondoka, na baada ya siku chache matone yakarudi.

Mzazi, kabla hujalipia gesi ya tatu, jua kwanza maji hayo yanatoka wapi. Glasi ya maji baridi ukiiweka mezani Dar es Salaam hutoka jasho. Jasho hilo ni unyevu wa hewani uliokutana na ubaridi. Ndani ya kiyoyozi kuna mabomba membamba ya baridi, na hewa ya chumba inapoyapita hutoa jasho lile lile. Maji huangukia kwenye kitrei, kisha hupita kwenye mpira mwembamba hadi nje. Msimu wa joto, ndoo ya lita 10 inaweza kujaa kabla hakujakucha. Kwa hiyo kiyoyozi kizima lazima kitoe maji. Cha kujiuliza ni kama yanatokea upande unaotakiwa.

Anzia nje, basi. Chumba kikiwa kinapoa na ndani kunadondoka, lakini mpira wa nje ni mkavu, njia imeziba. Vumbi likichanganyika na maji hugeuka ute mzito, na wakati mwingine wadudu hujenga humo. Kwa dada yangu tulikuta jambo la ajabu zaidi. Jirani wa chini alilalamika kulowanishiwa nguo, basi mtu akachomeka mpira ndani ya dumu hadi chini kabisa. Dumu lilipojaa, mdomo wa mpira ukazama, maji yakakosa pa kwenda, yakarudi chumbani.

Ndani ya dumu hilo kulikuwa na viluwiluwi vya mbu.

Hapo nilisahau kiyoyozi kwa muda. Mbu anayeeneza homa ya dengue hupenda kutaga kwenye maji yaliyotuama kwenye vyombo vya nyumbani, na huuma mchana, wakati mtoto hayuko ndani ya chandarua. Dar es Salaam ililipukiwa na dengue mwaka 2014 na tena 2019. Chombo cha kukingia maji ya kiyoyozi kimwagwe na kusuguliwa, kisiachwe kijae wiki nzima. Na mdomo wa mpira uning'inie juu ya maji.

Jambo la pili ni chujio, na hili unaweza kulifanya mwenyewe. Zima umeme kwenye swichi ya ukutani, si kwa rimoti tu. Fungua mfuniko, toa chujio, lioshe kwa maji na sabuni, likauke kivulini. Chujio lililoziba huzuia hewa, mabomba yanashika barafu, na ikiyeyuka maji huzidi uwezo wa kitrei. Kama nyumba iko kando ya barabara ya vumbi, kila wiki mbili si nyingi.

Barafu ikionekana ilhali chujio ni safi, hapo gesi inaweza kuwa ndiyo tatizo. Lakini gesi ya kiyoyozi haiishi kwa kutumika kama ya jikoni. Inazunguka mle mle. Ikipungua, kuna mahali inavuja, na fundi akuonyeshe mahali hapo na kuziba kabla ya kuongeza. Kiyoyozi kinachovuja tangu siku kilipofungwa, mara nyingi kimefungwa upande au mpira umepandishwa badala ya kuteremshwa. Aliyefunga arudi.

Fundi mpya alipuliza ute kwa mashine, akasafisha kitrei. Ukitumia siki kusafishia, usiichanganye kamwe na jiki, hutoa hewa ya sumu.

Sisemi ukuta ule ndio uliomletea mtoto kikohozi, hilo daktari bado analifuatilia. Ila mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2009 unahusisha unyevu na fangasi ndani ya nyumba na matatizo ya kupumua, ikiwemo pumu. Kupaka rangi juu ya fangasi ni kuificha tu. Sugua kwa sabuni na maji ukiwa na glavu na barakoa, umeme wa soketi hiyo ukiwa umezimwa na mtoto akiwa nje ya chumba, kisha acha ukuta ukauke. Na mtoto akipumua haraka, mbavu zikibonyea, au midomo ikibadilika rangi, usinisubiri mimi kwenye simu. Kimbia hospitali.

Dada aliniuliza kama maji yale yakichemshwa yanafaa kunywa, maana ni masafi kwa macho. Hapana, yamepita kwenye vumbi na vyuma. Sasa anapigia deki. Mtoto anaendelea kulala chumbani kwa mama yake mpaka ukuta ukauke, na beseni limerudi bafuni.