Nani Ameona? Wapi? Lini?

Ukiulizwa kama msitu wa kijiji chako una chui, utajibuje? Mmoja atasema wapo. Mwingine atasema waliisha zamani. Tumwamini nani?

Tuchukue mfano wa kipunji. Huyu ni kima mkubwa, mwenye manyoya marefu ya kahawia na kishungi kichwani. Anapatikana Tanzania tu. Wawindaji wa Kinyakyusa walimjua, lakini katika vitabu vya wataalamu hakuwamo.

Mwaka 2003 watafiti walipita vijiji vya karibu na Mlima Rungwe, wakiuliza habari za wanyama. Wakatajiwa kipunji. Hawakuyadharau maneno hayo, wala hawakuyaandika papo hapo kuwa ni kweli. Waliingia msituni kutafuta. Mwezi Desemba wakamwona wazi wazi. Mwaka 2004 watafiti wengine walimwona katika msitu wa Ndundulu, milima ya Udzungwa. Mwaka 2005 dunia ikatangaziwa. Mwaka huohuo kipunji mmoja alikufa katika mtego shambani kwa mkulima. Mwili wake ulipimwa, ikajulikana kuwa ana undugu wa karibu na nyani.

Umeona hatua zake? Kwanza maneno ya wenyeji. Pili macho ya watu zaidi ya mmoja. Tatu kipimo.

Jambo hili lina faida gani? Mnyama asipoandikwa, msitu wake unaweza kukatwa bila mtu kujua kilichopotea. Akiandikwa mahali asipokuwapo, walinzi watahangaika bure. Na kipunji si wengi. Hesabu iliyotolewa mwaka 2008 ilikadiria kuwa wamebaki 1,117 tu.

Ndugu msomaji, sasa unajua kuandika. Ukimwona mnyama usiyemzoea, chukua daftari uandike:

1. Tarehe na saa.
2. Jina la mahali: mto, kilima au msitu.
3. Mnyama alivyo, na jina lake kwa lugha ya nyumbani.
4. Majina ya wenzako walioona.

Uliyoyaona kwa macho yaandike mbali na uliyoyasikia. Usimwue mnyama ili upate ushahidi. Picha ya simu au alama ya nyayo yatosha. Kisha peleka habari hizo kwa ofisa wanyamapori wa wilaya.

Wahenga walisema: Mali bila daftari, huisha bila habari. Wanyama wetu nao ni mali.