Kumtumaini Mungu si Kukaa Bure

Mara nyingi mtu akipatwa na taabu huambiwa, "Mtumaini Mungu tu, yote yatakwisha." Neno hilo ni jema, lakini naona wengi wetu twalielewa vibaya. Twadhani kutumaini ni kufumba macho na kungoja. Mimi sikubali, na sababu zangu ni hizi.

Baba yangu alifariki nilipokuwa Kidato cha Pili. Kwetu ni Rungwe, Mkoa wa Mbeya, nami nasoma hapa Iringa. Baada ya matanga, jamaa walimshauri mama auze shamba, nami niache shule nikatafute kazi. Mama alikataa. Msimu ule ule alipanda viazi ili tupate chakula, na kando ya migomba akapanda miche ya parachichi, ambayo haizai ila baada ya miaka. Jirani mmoja alicheka, akasema, "Mama, wampandia nani hiyo?" Mama hakujibu, aliendelea kuchimba mashimo.

Habari hiyo yanikumbusha nabii Yeremia. Majeshi ya Babeli yalikuwa yameuzingira Yerusalemu, na Yeremia mwenyewe alikuwa kifungoni katika uwanja wa walinzi. Ndipo binamu yake Hanameli alipomjia, akamtaka anunue shamba lake la Anathothi. Nani atanunua shamba wakati adui yu mlangoni? Lakini Yeremia alipima shekeli 17 za fedha, akatia sahihi hati mbele ya mashahidi, akamwagiza Baruku aiweke katika chombo cha udongo ipate kudumu. Aliamini kuwa iko siku watu watanunua tena nyumba na mashamba katika nchi ile.

Tena angalieni: taabu haikuondoka kwa sababu alinunua shamba. Mji ulitekwa, watu wakahamishwa, na Yeremia akachukuliwa mpaka Misri. Waliorudi baadaye kuijenga nchi walikuwa wengi wao kizazi kingine.

Hata huku kwetu mambo ya namna hii yamekwisha kutokea. Wamisionari Wamoravian walifika Rungwe mwaka 1891. Vita ya 1914 hadi 1918 ilipofika huku, wale Wajerumani waliondolewa. Wakristo wenyeji hawakujua kama walimu wao watarudi, lakini waliendelea kusali na kufundishana. Wamisionari waliporudi katika miaka ya 1920, walikuta kanisa lipo.

Basi wenzangu, tusiseme "nimemwachia Mungu" na huku daftari halijafunguliwa tangu muhula uanze. Nadhani wenzetu Waislamu nao hawatanipinga, maana wao hufundishwa kumfunga ngamia kwanza, kisha kumtegemea Mungu. Na ninyi wazazi, mwaka ukiwa mbaya, msiwe wepesi wa kumtoa mtoto shuleni. Mtoto naye ni shamba, na mavuno yake hayaji kwa msimu mmoja.

Miche ya mama haijazaa bado, nami sijafanya bado mtihani wa Kidato cha Nne. Nikienda likizo huipalilia. Nikirudi hapa husoma. Yaliyobaki ndiyo ninayomwachia Mungu.