Kijana akibadili nia chuoni, asikilizwe kwanza

KAULI YA WIKI
Na Selemani Mkwawila

Kijana anayeanza kuitilia shaka fani yake akiwa chuoni hajapotea. Mara nyingi ndiyo kwanza ameiona kazi yenyewe kwa macho yake. Nalisema hili kwa uzito, maana mwezi huu limeingia nyumbani kwetu.

Mpwa wangu anasomea ualimu wa fizikia na hisabati, na muhula ujao anaingia mwaka wa tatu, ambao ndio wa mwisho. Alikwenda mazoezi ya kufundisha katika sekondari moja ya kata wilayani Kilwa. Aliporudi alimwambia mama yake kuwa hataki tena kuishi kwa chaki, anataka ufundi wa umeme wa jua. Dada yangu hakulala. Amemsomesha kwa vitumbua tangu darasa la kwanza, na sasa anaona safari inaharibikia mlangoni.

Nilimwita kijana tukazungumza. Kule shuleni alikuta paneli juu ya paa la maabara na betri stoo, lakini mfumo ulikufa siku nyingi. Jioni moja, baada ya vipindi, aliingia stoo pamoja na fundi wa kijijini. Wakapima, wakakuta betri nzima, ila nyaya zimelegea na kushika kutu pale zinapoingia kwenye kifaa kinachodhibiti chaji. Wakasugua, wakakaza, na usiku uleule kidato cha nne wakajisomea kwa taa. “Mjomba, darasani nilikuwa nasubiri kengele,” akaniambia. “Kule stoo magharibi iliingia sina habari.”

Sikuona utoto katika maneno hayo. Huyu alichagua njia yake akiwa na miaka 16, hajawahi kukaa na mtu wa fani yoyote akamwona anavyofanya kazi. Tahasusi ilimwangukia kwa ufaulu wa kidato cha nne. Kozi aliichagua akiangalia mkopo, kwa sababu ualimu wa sayansi na hisabati umekuwa miongoni mwa fani zinazopewa kipaumbele na Bodi ya Mikopo, na kwa mtoto wa muuza vitumbua hiyo si hoja ndogo. Mwaka 2024 serikali iliongeza tahasusi za kidato cha tano hadi 65. Ni hatua njema, lakini orodha hata ikirefuka vipi haimwonyeshi mtoto kazi ilivyo.

Dada anashikilia kuwa ualimu una ajira ya uhakika. Enzi zetu ilikuwa hivyo, ulimaliza chuo ukapangiwa kituo. Mwanzoni mwa 2025, wakati wa usaili wa walimu, waombaji walizidi 200,000 na nafasi hazikufika 15,000. Kumlazimisha kijana kwa hoja ya uhakika ni kumwahidi kitu ambacho hatuna.

Hata hivyo, nilimkatalia mpwa wangu jambo moja: kuacha chuo sasa. Deni la Bodi halifutiki kwa kukatisha masomo. Siku atakapoajiriwa atakatwa asilimia 15 ya mshahara kila mwezi, awe na digrii au asiwe nayo. Amebakiza mwaka mmoja. Isitoshe, fizikia anayoisoma ndiyo msingi wa umeme anaoutaka. Likizo hii aende VETA aulizie kozi fupi ya umeme wa jua, aulize pia EWURA wanahitaji nini kutoa leseni ya ufundi umeme, kisha akae na fundi yule wa Kilwa mpaka ajue mapato yake msimu mzuri na msimu mbaya. Akirudi na majibu hayo na bado moyo wake uko palepale, basi ukoo mzima umsaidie.

Wala miaka yake ya ualimu haitapotea. Mtaala mpya ulioanza 2024 umeleta mkondo wa amali sekondari, na shule hizo zinahitaji watu wenye ufundi mikononi na uwezo wa kumwelewesha mtoto. Huenda siku moja akarudi darasani kwa hiari yake, akiwa na zana.

Vyuo navyo vina wajibu. Mwanafunzi apelekwe kwenye kazi halisi mapema mwaka wa kwanza, hata kwa majuma machache tu, wakati kubadili kozi hakujamgharimu miaka wala mkopo. Kumwonyesha kazi baada ya kumfunga na deni ni kumchelewesha.

Na wewe mzazi, mwanao akikupigia simu kutoka chuoni na kukwambia nia imebadilika, usianze kumhesabia ulichotumia, anakijua. Muulize ameona nini huko alikokwenda. Kisha mdai mpango, na umdai amalize alichoanza. Dada yangu ana haki ya kuiona digrii aliyoitolea jasho. Mwanawe ana haki ya kuamua ataifanyia kazi gani.